Shahada za Uhandisi wa Mitambo na wa Viwanda: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama wa Kasulu na Kibondo



Tumetakiwa kunena juu ya shahada za uhandisi wa mitambo, nasi tumekubali kwa furaha. Katika ofisi zetu hakupiti mwaka pasipo mzazi kuja na matokeo ya mtihani mkononi, akiuliza, "Mwanangu asome nini?" Nasi makarani hujibu upesi, "Uhandisi," kana kwamba neno hilo ni kitu kimoja. Si kimoja, na mzazi huyo huenda akauza ng'ombe kwa ajili ya jibu letu.

Tutazame mashine ya kusaga muhogo. Iko kazi ya kujua mashine yataka nguvu kiasi gani, mhimili wake uwe mnene kiasi gani usipinde, na beringi zitahimili mzigo gani. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa mitambo. Lakini zikitakiwa mashine mia, zitaundwaje hata kipuri cha moja kiingie katika nyingine, kwa saa chache na bila kupoteza chuma? Hiyo ni kazi ya mhandisi wa uzalishaji, ambaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam humsomesha kwa jina la uhandisi wa viwanda. Mafundi wetu wa kuchomelea ni hodari. Fundi huunda mashine njema leo, na kesho akaunda nyingine njema, walakini mbili hizo si pacha. Puli ikivunjika, ya jirani haiingii, na akina mama hungoja na magunia yao hata ichongwe mpya. Kwa sababu hiyo twaona kwamba elimu hii ya pili, ambayo wazazi wengi hawajapata hata kuisikia, ndiyo tunayopungukiwa zaidi.

Wazee wa Uha waliijua mitambo kwa mikono yao. Walikwenda kwa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba, wakalisha majani katika korona, mashine iliyobuniwa na kuundwa Ulaya. Aliyeilisha hakufunzwa kuiunda. Hata baada ya Uhuru, kijana aliyetaka shahada ya uhandisi hakuipata nchini mwetu. Alikwenda Nairobi, ambako Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliweka masomo hayo tangu 1963 hata kilipovunjwa 1970. Dar es Salaam ilifungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973. (Pale Nairobi leo idara moja yabeba majina yote mawili, mitambo na uzalishaji, na kwa maoni yetu wamefanya vema.)

Siku hizi nafasi si haba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chafundisha mitambo, viwanda na nguo, kila moja kwa miaka minne. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, yatoa shahada ya mitambo. Kadhalika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, ambacho nacho kilianza kama chuo cha ufundi, mwaka 1986. Apendaye magari atazame Chuo cha Taifa cha Usafirishaji.

Njia za kuingia ni mbili. Ya kwanza ni Kidato cha Sita kwa Fizikia, Kemia na Hisabati. Ya pili ni kusoma stashahada katika chuo cha ufundi, kisha kuomba shahada. Wazazi wengi huidharau hii ya pili wakidhani ni ya walioshindwa. Hatukubaliani nao hata kidogo. Kijana aliyekwisha kusimama mbele ya mashine ya kukereza chuma hafundishwi maana ya kipimo kwa ubao peke yake.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Mwenye shahada huandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwanza kama mhandisi mhitimu. Hufanya kazi chini ya usimamizi wa mhandisi mzoefu, na mpango wa Bodi kwa mafunzo hayo ni wa miaka mitatu. Wapi? Viwanda vyetu ni vichache, basi kijana huenda Dar es Salaam au Mwanza, na wengi hawarudi. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli, hata gridi ya Taifa ilipofika 2022. Umeme sasa upo. Karakana za kumpokea kijana huyo ndizo bado.

Mwisho ni kazi yetu sisi wenyewe. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Huku kwetu mpakani wapo watoto wengi waliozaliwa nyumbani, wasio na cheti, ambao hukitafuta dirisha la maombi likiwa karibu kufungwa. Twaomba kila karani mwenye orodha ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu aipitie mwezi huu, na majina ya wasio na vyeti yapelekwe kwa Katibu Tawala wa Wilaya kabla shule hazijafungwa.