Mfuko wa Eunice: Mwalimu, Michango na Kipaji cha Mtoto Mweusi

Mada kwa semina ya wazazi na walimu wa kwaya wa jamii ya wazungumzaji wa Kiswahili nchini Marekani

Nimeombwa nizungumzie malezi ya vipaji vya muziki kwa watoto weusi katika nchi hii tuliyohamia. Nitaanza na mji mdogo wa Tryon, jimbo la North Carolina, kwa sababu ninachotaka kukisema leo kilishafanywa pale na watu wasio na uwezo mkubwa kuliko wetu.

Mwaka 1933 alizaliwa Tryon binti aliyeitwa Eunice Waymon. Mama yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, na siku za kazi alifanya usafi katika nyumba za Wazungu. Eunice alianza kupiga muziki kanisani akiwa bado mdogo kabisa, kwa sikio tu, bila kufundishwa na mtu. Tajiri wa mama yake alipomsikia, akajitolea kumlipia masomo ya piano kwa mwaka mmoja. Mwalimu alikuwa Muriel Mazzanovich, mama wa Kiingereza aliyekuwa akiishi mjini hapo. Ikawa kila Jumamosi mtoto anavuka reli kwa miguu kwenda upande wa Wazungu kujifunza Bach.

Mwaka ukaisha, na fedha zikaisha. Kwa kawaida habari za watoto wetu huishia hapo. Huyu mwalimu hakukubali. Alianzisha mfuko, ukaitwa Mfuko wa Eunice Waymon, na watu wa Tryon, weusi kwa weupe, wakachanga. Eunice naye akawa anawapigia waliochanga, wasikie wenyewe pesa yao inakwenda wapi. Katika onyesho mojawapo, alipokuwa na miaka 12 hivi, wazazi wake waliondolewa viti vya mbele ili Wazungu wakae. Mtoto akainuka, akasema hapigi mpaka wazazi wake warudi mbele. Wakarudishwa. Alilisimulia mwenyewe jambo hilo alipokuwa mtu mzima.

Mwaka 1950 mfuko huo ulimfikisha chuo cha muziki cha Juilliard, New York. Mwaka uliofuata aliomba kuingia chuo kingine cha muziki, Curtis Institute ya Philadelphia, akakataliwa, na hadi mwisho wa maisha yake aliamini kwamba kilichomkatalia ni ngozi yake. Akaenda kupiga piano katika baa moja ya Atlantic City, akajibadilisha jina ili mama yake asijue, na dunia ikamjua kama Nina Simone. Mwaka 2003, siku chache kabla hajafa, Curtis ilimtunuku shahada ya heshima.

Wengi huisimulia habari hii kuanzia pale mlango ulipofungwa. Mlango ule uliniuma na unaniuma bado. Lakini naomba leo tukae kwenye ile miaka kumi ya kabla yake. Ukimwona mtoto anapapasa kinanda na kuutoa wimbo mzima, kipaji umekwisha kukiona, tena kwa dakika tano. Kinachobaki ni Jumamosi, na Jumamosi nyingine, na nyingine tena, kuanzia miaka sita hadi kumi na saba, na kila Jumamosi inadai mwalimu aliyeko na mtu aliyelipa. Watoto weusi hawajawahi kupungukiwa kipaji katika nchi hii. Wanapotea katikati ya hiyo miaka.

Marian Anderson wa Philadelphia, aliyezaliwa 1897, angeweza kupotea hapohapo. Nyumbani kulikuwa na piano, lakini fedha ya mwalimu haikuwepo, na baba yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Alipokwenda kujiandikisha katika chuo kimoja cha muziki mjini humo, aliambiwa watu weusi hawapokelewi. Waumini wa kanisa lake, Union Baptist, ndio waliochangishana ili apate mwalimu wa sauti. Siku ya Pasaka ya mwaka 1939, alipoimba mbele ya sanamu ya Lincoln jijini Washington na watu wapatao 75,000 wakimsikiliza, sauti ile ilikuwa imesomeshwa na sadaka za watu wa kawaida.

Sasa nisimulie habari ambayo haisimuliwi sana, nami ninaipenda kuliko zote. Katika karne ya 19 aliishi New York mpiga fidla mweusi, John Douglass. Alisoma Ujerumani, akarudi na ufundi kamili, lakini orkestra hazikumpokea kwa sababu ya rangi yake. Alikutana na mtoto wa familia maskini ya Kizungu, David Mannes, mwenye kiu ya fidla, akamfundisha bila kumtoza hata senti. Mannes alikua akawa kiongozi wa wapiga fidla wa New York Symphony, mahali ambapo mwalimu wake asingeruhusiwa kukaa hata kiti cha nyuma. Hakusahau. Mwaka 1911 alishiriki kuanzisha Harlem shule ya muziki kwa ajili ya watoto weusi, kama kulipa deni kwa marehemu mwalimu wake. Mei 1912, kiongozi wa muziki James Reese Europe aliingia ukumbi wa Carnegie Hall na orkestra ya wanamuziki weusi zaidi ya mia moja, na mapato ya usiku ule yakaenda kwenye shule hiyo. Baadaye ikaongozwa na mwanamuziki mweusi, J. Rosamond Johnson.

Kila nikimfikiria Douglass, najiuliza ni watoto wangapi weusi angewafundisha kama mji wake ungempa nafasi. Mwalimu mmoja aliyefungiwa mlango ni darasa zima lililofungiwa mlango.

Chicago ilionyesha upande wa pili, yaani yanayotokea mwalimu akiachwa afanye kazi. Walter Dyett, ambaye kila mtu alimwita Kapteni, alifundisha muziki Wendell Phillips tangu 1931, kisha DuSable hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zote zilikuwa shule za sekondari za serikali kwenye mitaa ya watu weusi. Mikononi mwake walipita Nat King Cole, Dinah Washington, Gene Ammons, Von Freeman na Johnny Griffin. Griffin alimaliza shule mwaka 1945, na siku chache tu baadaye akawa kwenye bendi ya Lionel Hampton. Dyett alikuwa mkali. Nota moja iliyokosewa katikati ya bendi nzima aliisikia na kumjua mwenyewe. Kila mwaka alitayarisha na wanafunzi wake onyesho kubwa lililoitwa Hi-Jinks, na mapato yake yalinunua vyombo vya shule. Kwa hiyo hata pale, katika shule ya serikali, mchango ulikuwepo. Ulivaa nguo za onyesho.

Nije kwetu.

Katika kwaya ninayoifundisha yupo kijana wa miaka kumi anayepiga kinanda. Mkisikia sebene lake mtadhani ni mtu mzima aliyelelewa Lubumbashi. Lakini ukimkaribia utazame mikono yake, utaona anakanyaga vitufe vyeupe tu. Kila wimbo anaupiga kwenye C, na mwimbishaji akipandisha, yeye anabonyeza kile kitufe cha transipozi na kuendelea mahali palepale. Ndivyo wapigaji wetu wengi walivyojifunza, na ndivyo walivyomfundisha. Mwaka jana alikwenda kujaribiwa katika shule moja ya hapa. Aliketishwa mbele ya piano ya mbao, akaambiwa apige kwenye E-flati. Akaanza kutafuta kitufe. Akaandikwa kundi la wanaoanza, pamoja na watoto ambao hawajawahi kugusa chombo, akarudi nyumbani kimya.

Nataka tuwe waadilifu hapa. Shule ile haikujua inachokitazama. Mtoto anayesikia chodi inayokuja kabla haijafika si mtu anayeanza. Na sisi tulikuwa tumemfikisha nusu ya njia, tukapiga makofi tukidhani amefika. Wapo wazazi wanaoniambia kwamba nota zitamwondolea mtoto utamu wa nyumbani. Wengine wanaona aibu, wanataka aache mambo ya kanisani aende “kusoma muziki wa kweli”. Dinah Washington alitoka kanisani akapita kwa Kapteni Dyett, wala sauti yake haikupoteza kanisa. Sikio na karatasi vinaweza kukaa nyumba moja, mradi mwalimu asimdharau mtoto kwa kile alichokuja nacho.

Kwa kijana wangu nilianzia kwenye solfa, kwa kuwa tayari anaijua. Wanakwaya wote hapa wanafahamu maandishi yale ya juu ya karatasi: Do ni G, Do ni F. Nilimwambia kwamba kile kitufe kilikuwa kinamhamishia Do, na sasa itahamishwa na vidole vyake. Tukaanza na G. Do, re, mi, fa, so, la, vyote vyeupe, kisha ti ikamgomea. Aliipiga nyeupe, akakunja uso, kwa sababu sikio lilimwambia si yenyewe. Akasogeza kidole juu kwenye cheusi, akanitazama. Sikusema neno. Kanuni nzima aliikuta kwa sikio lake, na baada ya hapo ndipo nikamwonyesha ile alama ya shapu mwanzoni mwa mistari mitano na kumwambia, hii ndiyo uliyoigusa sasa hivi. Tulikaa G wiki tatu. Baada ya hapo F, na hivi sasa tuko D. E-flati itafika.

Hayo ni ya mwalimu. Ya mfuko ni magumu kuyasema, na yananihusu.

Miaka michache iliyopita palikuwa na binti wa jamii yetu aliyekuwa akipiga viola katika orkestra ya shule yake. Viola ilikuwa ya kukodi dukani, dola 30 na kitu kwa mwezi. Mwaka huo tulikuwa na harusi kubwa, na mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati. Baba yake alileta mchango wake wa dola 200 taslimu, akatia saini kwenye daftari, tukampigia makofi. Mwezi uliofuata sanduku la viola lilirudishwa dukani. Sikuulizwa, wala sikuuliza. Nilijua baada ya muda mrefu, kutoka kwa binti mwenyewe, na hakunilaumu. Ile 200 ilikuwa kodi ya miezi sita. Leo anaimba alto kwenye kwaya yetu, na anaimba vizuri, lakini ninapomtazama mkono wake wa kushoto kuna kitu kinanichoma.

Sisemi tuache kuchangia harusi wala misiba. Ndiyo iliyotushika pamoja katika nchi ya baridi. Nasema tunajua kuchanga kuliko watu wengi, tuna makamati, tuna wahazini, tuna kadi na makundi ya simu ya kukumbushana ahadi, na katika hayo yote hatujawahi hata mara moja kumchangia mtoto masomo ya muziki. Watu wa Tryon walifanya hivyo enzi za ubaguzi wa kisheria.

Mambo machache ya kufuatilia, maana fursa nyingi zinatupita kwa kutojua. Shule nyingi za serikali huanza kuwapa watoto vyombo darasa la nne hadi la sita, na fomu huja mapema katika mwaka wa masomo, mara nyingi kwenye begi la mtoto, zikachanganyika na matangazo mengine. Zitafuteni. Ulizeni kama shule inaazimisha vyombo. Selo, besi na tuba mara nyingi ni vya shule, na mtoto anayekubali chombo kikubwa anaweza asilipe kodi. Ulizeni pia msamaha wa ada. Nje ya shule, zipo taasisi za jamii zilizojengwa kwa ajili ya familia kama zetu: Settlement Music School ya Philadelphia tangu 1908, Merit School of Music ya Chicago tangu 1979, na OrchKids ya Baltimore tangu 2008. Sphinx Organization ya Detroit, iliyoanzishwa mwaka 1997, inawasaidia vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini wanaopiga vyombo vya nyuzi. Anthony McGill, kijana wa Chicago kusini aliyepita Merit, mwaka 2014 akawa mpiga klarineti mkuu wa New York Philharmonic, mwanamuziki mweusi wa kwanza kushika kiti kikuu katika orkestra hiyo. Mwaka huohuo, katika orkestra za Marekani kwa ujumla, weusi hawakufika wawili kwa kila wanamuziki mia. Semeni na watoto wenu ukweli huo kabla hawajakutana nao peke yao ukumbini, na siku ya mtihani mwende nao, mkae mbele.

Dorothy Maynor, mwimbaji wa soprano, alipoacha majukwaa alianza mwaka 1964 kufundisha watoto wa Harlem katika jengo la kanisa alilochunga mumewe. Darasa lile likaja kuwa Harlem School of the Arts. Ukumbi wa kanisa sisi pia tunao, na Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi hauna mtu. Tuna vinanda viwili. Ninajitolea saa tatu kila wiki, na mwalimu mmoja wa fidla ambaye anaishi mtaa wa pili ameniambia yuko tayari akilipiwa nauli na kitu kidogo. Ninachoomba kwa semina hii ni watu watatu wa kamati, na mweka hazina asiwe mimi. Daftari nimekuja nalo, liko mezani pale karibu na chai. Mstari wa kwanza nimeandika dola 200, na pembeni yake neno viola.