Mama Wawili Waliovika Watoto Wao

Somo: Mwanzo 27:1-45; 1 Samweli 2:18-19



Majibu ya Exetat yakishatoka, mbio zinaanza katika nyumba zetu. Wazazi wanatafuta buletini, picha, barua ya kuomba nafasi, pesa za kuandikisha mtoto chuo kikuu. Kazi hiyo ni njema. Lakini leo tuulizane: msaada wa mzazi unaishia wapi, na wizi unaanzia wapi?

Rebeka alimpenda Yakobo. Alimvalisha nguo za Esau, akamfunika ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, ili baba asiyeona amguse na kudhani ni Esau. Yakobo alipoogopa laana, mama alikubali kuibeba yeye. Wapendwa, Mungu alikwisha kusema habari ya Yakobo kabla hajazaliwa. Hakuhitaji ngozi ya mbuzi! Esau alilia sana, Yakobo akakimbia. Mama alifikiri ni siku chache tu, ikawa miaka 20, na Biblia haituambii kama walionana tena. Kule Harani, aliyedanganya naye alidanganywa: alimtumikia Labani kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea.

Mzazi anayelipa mtu ili pointi zibadilishwe anamvika mtoto ngozi. Anayetafuta mtu wa kumfanyia mtihani wa kuingia anamvika ngozi. Mwaka wa kwanza darasani, ngozi itavuka. Tena ile nafasi ina mwenyewe: labda ni mtoto wa mjane anayeuza mikate, aliyesoma kwa mwanga wa simu. Esau wa leo analia, na Mungu anamsikia.

Sisi wachungaji pia tutubu. Baba mmoja alituletea bahasha aliyotaka kumpelekea mkubwa fulani, akaomba tuiwekee mikono ili mlango ufunguke. Tuliiombea. Alikuwa mtoaji mzuri kanisani, nasi hatukumuuliza neno. Bahasha ya namna hiyo hatutaiombea tena.

Sasa tumtazame Hana. Kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea. Hakumvika nguo ya mtu mwingine. Alimshonea kwa kipimo chake. Na usiku ule Mungu alipoita, Samweli aliitika mwenyewe, mama hakuwapo.

Basi tuwashonee watoto wetu kanzu ya kipimo chao. Tuwapunguzie kazi za nyumbani wapate kusoma. Tulipe mapema. Tusome barua yao, tuwaonyeshe makosa, kisha waandike upya kwa mkono wao. Na unapopiga kopi za dosie ya mtoto wako, mpigie pia yatima wa jirani, umwonyeshe ofisi ya kuandikisha. Mtoto akikosa fakulte aliyoitaka, tusimtukane. Bado ni mtoto wetu, na Mungu hajafunga milango yote.

Tuombe: Bwana, utusamehe ngozi tulizofunga. Utufundishe kushona. Kwa jina la Yesu, amina.