Sahihi ya Pili

 Leo nina jambo kuhusu sahihi. Ile ya mkuu wa shule au mganga mfawidhi mnaifahamu, ina mhuri wake. Ninayoitaka mimi ni ile ya pili, ya mjumbe wa kamati ya shule au ya zahanati aliyeitwa kutoka shambani, jembe bado lina udongo, akaonyeshwa mahali kwa ncha ya kalamu: "Weka hapa tu, Mama, gari la halmashauri linasubiri."

Sahihi hiyo imebeba fedha nyingi kuliko tunavyodhani. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza hapa Tanzania, ruzuku ya uendeshaji inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango kilichopangwa wakati huo kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari, ingawa sehemu yake ilibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Zahanati nazo zilianza kupelekewa fedha zao moja kwa moja mwaka wa fedha 2017/18. Halafu ikaja 2021. Kutokana na sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000, mengi yake ya sekondari, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Yalitakiwa yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kazi ikafanywa kwa fosi akaunti: mafundi wa palepale, shule inanunua yenyewe. Mwalimu aliyesomea Kiswahili na Jiografia akajikuta mhasibu, afisa manunuzi na msimamizi wa ujenzi, na vipindi vyake darasani vikimsubiri.

Sitasema mafunzo hayapo. ADEM, wakala wa uongozi wa elimu kule Bagamoyo, imefundisha wakuu wa shule kwa miaka mingi. Chuo cha Serikali za Mitaa kipo Hombolo. Wahasibu wa halmashauri wamezunguka wakifundisha FFARS, mfumo wa hesabu na taarifa za fedha za vituo, na walioelewa wameelewa. Ila semina zetu nyingi mnazijua: ukumbi, projekta, kabrasha nene, chai ya saa nne, na macho ya washiriki kwenye fomu ya posho. Anayeitwa ni mkuu. Anafundishwa hati ya malipo, daftari la fedha taslimu, ulinganisho wa benki, anarudi na cheti. Yule wa sahihi ya pili hakualikwa.

Sasa twende kwenye mfano wa saruji. Shule imeagiza mifuko 200. Lori linafika saa kumi na mbili jioni, dereva ana haraka, mkuu yuko kikaoni wilayani. Hati ya kupokelea imeshaandikwa 200 kabla hata turubai halijafunguliwa. Kanuni inasema kamati ya manunuzi ni watu wengine na kamati ya mapokezi ni watu wengine, ili aliyeagiza asiwe ndiye anayethibitisha kwamba mzigo umefika. Kanuni nzuri sana. Lakini Mama wa kamati ya mapokezi anatazama giza linaloingia, anatazama karatasi, anatia sahihi. Kama ilishuka 200 au 170, Mungu ndiye anayejua.

Mama huyohuyo, wasikilizaji, Jumamosi yuko kwenye kikoba. Huko sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Mmoja asipofika, sanduku halifunguliwi, hata kama kuna msiba. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na ikipungua mia tano kikao hakivunjiki mpaka ipatikane. Tusijidanganye kwamba mtu wa namna hiyo hajui udhibiti wa fedha. Pengine angemfundisha mwezeshaji wetu mwenye projekta. Tofauti ni kwamba kwenye kikoba mwenyekiti ni jirani yake tu, wakati shuleni mkuu ni mkuu, na kumwambia mkuu "ngoja kwanza nihesabu" kunaonekana utovu wa adabu.

Hapo ndipo ninaposema mafunzo ya fedha na mafunzo ya uongozi yasitenganishwe. Tumezoea kuyapeleka mbalimbali: wahasibu wanapewa hesabu, wakubwa wanapewa uongozi wenye maneno makubwa ya dira na dhima. Mimi ningemfundisha mkuu jambo moja la uongozi kabla ya yote, namna ya kukataliwa na aliye chini yake bila kununa. Awaambie wajumbe siku ya kwanza, mbele ya kila mtu: nikiwaletea karatasi ya kusaini kabla mzigo haujahesabiwa, nirudishieni. Kisha lifanyiwe mazoezi kwa sauti, palepale shuleni, kwa jalada la shule ileile. Mjumbe akatae, mkuu amsikilize, mhasibu wa halmashauri awe pembeni akisahihisha. Nusu siku inatosha, na ukumbi hauhitajiki.

Wapo watakaosema zahanati yenye muuguzi mmoja na mhudumu mmoja haiwezi kugawa majukumu. Kweli, haiwezi. Kwa hiyo mjumbe wa kamati kutoka kijijini ndiye jicho la tatu, na yeye ndiye wa kufundishwa kwanza.

Msisahau pia kwamba sahihi haifutiki. Kila mwaka, kufikia mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anakabidhi ripoti zake kwa Rais. Wakaguzi wakikuta vifaa vilivyolipiwa bila uthibitisho wa kupokelewa, wanafungua jalada kuangalia nani alisaini. Mkuu huenda keshahamishwa. Mama bado yupo kijijini, na jina lake lipo kwenye karatasi.

Wakurugenzi wa halmashauri, mnapoandaa bajeti, tengeni fedha za kuwafundisha wajumbe wa kamati za mapokezi kwenye vituo vyao, na wafundishwe kabla fedha za mradi hazijaingia. Na wewe uliye kwenye kamati, lori likija usiku, mwambie dereva alale. Mifuko itahesabiwa asubuhi, ndipo utasaini.