Kupungua Si Kuisha

Somo: 1 Wafalme 19:1–8

  

Leo twataka kusema nanyi habari za mwili. Twasema juu ya mtu mwenye ugonjwa usioondoka, kama kisukari au presha, ambaye daktari amemwambia apunguze uzito na kuujenga mwili wake upate nguvu. Huenda mmoja atauliza, “Je, haya si maneno ya daktari? Mchungaji ana nini hapa?” Basi na tufungue Biblia kwanza.

Nabii Eliya alikuwa amewashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli. Baada ya ushindi huo malkia Yezebeli akatuma vitisho, naye Eliya akakimbia hata Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amwondoe duniani. Tazameni basi Mungu alivyomtendea mtumishi wake aliyechoka. Hakumhubiria, wala hakumkemea. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliopikwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili, akamweleza kwamba ale, kwa kuwa njia iliyo mbele yake ni ndefu kupita nguvu zake. Ndipo Eliya akaondoka, akaenda siku arobaini mchana na usiku hata Horebu.

Twajifunza mambo matatu hapa. Mungu hakuudharau mwili wa nabii wake. Tena, chakula kile kilikuwa cha safari, wala hakikuwa cha karamu: mkate na maji, kadiri ya haja. Na la tatu, Eliya hakupewa nguvu ili aendelee kuketi chini ya mti. Alipewa ili aende.

Wapendwa, ugonjwa wa kudumu ni safari ndefu. Malaria huja, twameza dawa, nayo huondoka. Lakini kisukari na presha havifanyi hivyo. Ukiisha kuvipata, mara nyingi utaishi navyo mpaka mwisho wa siku zako. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne Kenya alikuwa na presha ya juu, na wanawake zaidi ya 38 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Kwa hiyo tunapoketi kanisani Jumapili, jirani yako kwenye benchi ni mmoja wao, au ni wewe mwenyewe.

Daktari asemapo, “Mama, punguza uzito,” neno hilo ni jepesi kulisikia, lakini kwetu huku ziwani ni zito kulitenda. Sababu yake twaijua sote, ingawa hatuisemi kwa sauti. Mtu akinenepa twasema anatunzwa vizuri. Mtu akikonda twaanza kunong'ona. Wazee wetu walisema ana chira, yaani amevunja mwiko naye anakwisha pole pole. Kisha miaka ya 1980 ukaja ugonjwa ule ambao ndugu zetu wa Rakai, ng'ambo ya ziwa, waliuita “silimu,” kwa vile ulivyomkausha mtu. Tulizika vijana wengi mno. Macho yetu yakajifunza kuogopa shingo iliyokonda na nguo iliyolegea. Hata leo, mtu akipungua kilo chache tu, utasikia nyuma ya mgongo wake, “Ameisha.”

Twamjua mama mmoja, mwuza nguo, mwenye kisukari na presha kwa miaka mingi. Alipanga foleni kliniki katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wetu bado twaiita “Russia.” Akashauriwa juu ya chakula na mazoezi. Akatii. Kila alfajiri alitoka Nyalenda akatembea kuelekea Dunga na kurudi. Akapunguza ugali, akaacha soda, na chai akainywa bila sukari. Baada ya miezi sita sketi zake zikahitaji pini kiunoni. Vipimo vyake vilikuwa vinashuka, daktari akafurahi.

Lakini nyumbani hakuna aliyefurahi. Wifi yake alimwuliza kama kuna desturi aliyoiruka. Wateja wawili waliacha kununua kwake. Mwanawe alirudi kutoka shuleni akilia, maana mwenzake alimwambia kwamba mama yake anakufa. Basi mama huyu akaja kwetu, akasema, “Mchungaji, nimechoka. Nataka kurudi kula kama zamani, ninenepe, watu wanyamaze.”

Fikirini neno hilo. Mtu alikuwa tayari kuudhuru mwili wake, ayahatarishe macho yake na figo zake, ili sisi tunyamaze. Hakuwa amechoshwa na safari. Alichoshwa na watu walioketi kando ya njia wakimtazama.

Je, alisaidiwaje? Akina mama wawili wa kanisa, baada ya kusikia habari zake, hawakumpa maneno mengi. Walifika mlangoni kwake saa kumi na mbili asubuhi wakiwa wamevaa raba, wakasema, “Mama, twende.” Baada ya wiki kadhaa walikuwa saba. Na watu saba wakitembea pamoja barabarani wakicheka, nani atanong'ona kwamba wote wanakufa? Mama huyu hajapona kisukari. Bado anameza vidonge vyake asubuhi na jioni. Lakini presha yake imeshuka, amepungua kilo nane, na ndoo ya maji ambayo zamani alimwachia mwanawe, sasa anaibeba mwenyewe.

Labda wewe unayetusikiliza wataka kuanza. Basi anzia pale ulipo. Mwambie kwanza daktari au mwuguzi wako, hasa kama una maumivu ya kifua au wapungukiwa na pumzi. Wataalamu wa afya wa ulimwengu hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kasi kila juma. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Huwezi nusu saa? Tembea dakika kumi leo. Haba na haba hujaza kibaba. Shuka kwenye bodaboda au tuktuk kituo kimoja kabla ya kwako, umalizie kwa miguu. Hushauri pia mazoezi ya kukaza misuli siku mbili au zaidi kila juma. Hayahitaji vyuma vya kununua. Keti kitini, usimame bila kujishika, mara kumi. Sukuma ukuta kwa mikono yako. Ukiwa na shamba Kano au Seme, jembe ni mwalimu mzuri, mradi usilivamie kwa siku moja baada ya mwaka mzima wa kuketi.

Mwenye kisukari avae viatu vinavyomfaa, kisha akague nyayo zake kila jioni, maana mguu uliopoteza hisi hauwezi kumwambia kwamba umechomwa. Atumiaye insulini au vidonge abebe peremende au sukari kidogo mfukoni. Akiona jasho la ghafula, kutetemeka au kizunguzungu, ale mara moja na kupumzika.

Na chakula je? Mungu ametupa vyema huku ziwani. Nusu ya sahani iwe mboga: managu, sagaa, mrenda, kunde. Robo iwe ugali, na robo nyingine samaki au maharagwe. Ngege wa kuchemshwa, au omena waliopikwa kwa nyanya na mafuta kidogo, ni chakula cha heshima. Si lazima kila samaki aogelee mara ya pili katika karai la mafuta. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Na miwa ya Muhoroni na Chemelil haina kosa. Kosa ni vijiko vinne katika kila kikombe.

Usitazamie makubwa kwa haraka. Huko Marekani, utafiti uliotangazwa mwaka 2002 uliwafuata watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Shabaha yao ilikuwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao, na kutembea zile dakika 150 kwa juma. Hatari yao ya kupata ugonjwa ikapungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kama kilo sita. Ni mzigo mdogo machoni pa watu, lakini moyo huona tofauti.

Twataka kusema neno pia na ndugu zetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, nao ni wengi: uchunguzi wa mwaka 2018 ulihesabu zaidi ya 17 katika kila watu wazima 100 wa Kisumu. Twamsifu Mungu kwa dawa. Wengi waliodhaniwa hawataiona Krismasi, leo wanalea wajukuu. Ila kwa dawa za sasa, ambazo zilianza kutumika nchini mwaka 2017, baadhi huongezeka uzito, hasa akina mama, na pamoja na umri huja presha na sukari. Ndugu, usiogope kupungua kwa ushauri wa kliniki yako. Wala usiache dawa kwa sababu ya unene. Nenda ukazungumze nao.

Hata hivyo, tutofautishe. Kupungua kwa bidii, huku nguvu zikiongezeka, ni jambo jema. Lakini ukikonda bila kujaribu, nawe una kiu nyingi, au kikohozi kisichokwisha, au jasho la usiku, usingoje. Nenda hospitali upimwe. Huenda ni sukari iliyopanda, au kifua kikuu, na vyote vina matibabu.

Sasa twageukia kanisa, maana mzigo huu si wa mgonjwa peke yake. Mitume hawakumwona mgonjwa kuwa mtu aliyelaaniwa. Paulo, ambaye kwa mkono wake Mungu aliponya wengi, alimwacha rafiki yake Trofimo mgonjwa huko Mileto, akaandika hivyo wazi. Kwa Timotheo aliandika ushauri juu ya tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara. Hakumwambia kwamba hana imani. Basi yeyote asimwambie mwenye kisukari atupe dawa ili kuonyesha imani yake. Anayetaka kufunga wakati wa Kwaresima, akiwa ana insulini au vidonge, na amwulize daktari kwanza. Mungu hatakasirika akifunga mdomo wake kwa masengenyo badala ya chakula.

Tuangalie na meza zetu. Katika matanga na harusi zetu huwa twapima upendo kwa sahani iliyofurika. Mgeni akisema, “Nimetosheka,” twamwongeza. Akikataa soda, twaona ametudharau. Wapendwa, maji safi yawekwe mezani karibu na soda. Mboga ziwe nyingi kama nyama. Na mtu akisema imemtosha, imemtosha. Malaika alimwandalia Eliya kiasi cha safari yake. Nasi tuwaandalie wenzetu vivyo hivyo.

Na ukimwona ndugu yako amepungua, usiseme, “Umekonda, una nini?” mbele za watu. Mwendee faraghani kwa upole, umwulize, “Nguvu zikoje?” Akisema ni njema, mshukuru Mungu pamoja naye. Akisema si njema, msindikize kliniki. Kesho alfajiri vaa viatu vyako, ukabishe hodi kwake.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba yetu, uliyeiumba miili yetu nawe wajua udhaifu wake, twakuomba kwa ajili ya wote wanaosafiri na ugonjwa usioondoka. Uwape chakula cha siku hii na hatua ya siku hii. Wasaidie madaktari na wauguzi wao. Utuondolee sisi maneno ya kuumiza, utupe miguu ya kwenda pamoja nao, mpaka sote tufike mlimani pako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.