Kuyatunza Maji Matamu Katika Nyumba Zetu



Sisi tukaao Kariakoo twategemea maji ya mto Ruvu, utokao milima ya Uluguru. Mwaka 2022, mvua zilipokosa, maji yaliyoletwa mjini yalipungua kutoka lita milioni 466 kwa siku hata kufika karibu milioni 300, tukapewa kwa zamu. Siku zile kila mtu aliijua thamani ya dumu moja. Mvua iliponyesha tukasahau upesi.

Tazameni uani mwetu. Nyumba ina vyumba sita au vinane, kila chumba na mpangaji wake, na bomba ni moja. Ankara ikija hugawanywa sawasawa kwa vyumba. Basi mjane aishiye peke yake, achotaye madumu mawili, hulipa sawa na mwenye jamaa ya watu saba. Na bomba likivuja, hapana alionaye kuwa ni lake. Bomba lidondoshalo tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita 20 kwa siku, yaani dumu zima, kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho mafundi hukiita washa, nacho ni cha bei ndogo.

Kwa maoni yetu, ankara na igawanywe kwa vichwa, wala si kwa vyumba, na gharama ya kutengeneza bomba itolewe na wote. Wenye jamaa kubwa watanung'unika, na wanung'unike. (Watoto wachanga tusiwahesabu, ingawa nepi zao zajulikana.)

Maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia nguo yafaa kumwagwa chooni. Tena iko mvua. Bati la mita 10 kwa 5, ikinyesha milimita 10 tu, hupokea lita 500, nayo ni madumu 25. Maji ya kwanza yaachwe yapite, maana huchukua vumbi na mavi ya kunguru. Yanayofuata si ya kunywa, bali ni ya kufulia na kudekia. Pipa lifunikwe barabara, kwani mbu aletaye homa ya dengue, iliyotusumbua mwaka 2014 na 2019, huzaa katika maji yaliyotulia pipani, naye huuma mchana.

Nyumba itakayokubali mpango huu yaweza kuweka daftari la hesabu, na kila mwezi mpangaji mwingine alishike. Mwezi wa kwanza twashauri ashike yule mjane.