Stima Ikipotea, Kikundi Chako Kitafanya Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Eldoret)



Mnakumbuka ile Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilipoingia gizani? Wengi wetu tulikaa tu tukingoja. Haya, na kama tungengoja miezi mitatu?

Wenzetu wa Unguja walingoja. Kisiwa chao kilipata stima kwa waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka bara. Mwaka 2008 walikaa gizani karibu mwezi mzima, halafu tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kumbe si taa peke yake! Pampu za maji zilisimama, akina mama wakahangaika na ndoo. Wenye pesa waliwasha jenereta.

Sasa tusikie habari za kisiwa kingine, Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani. Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga kiitwacho Maria kiliangusha nguzo na nyaya kila mahali. Nyumba za mwisho zilirudishiwa stima baada ya miezi kama 11. Lakini huko milimani, katika mji mdogo wa Adjuntas, taa ziliwaka kwenye kituo cha wananchi kiitwacho Casa Pueblo. Kituo hicho kilikuwa na sola tangu 1999. Watu walikuja kuchaji simu, na wagonjwa wakatumia mashine zao za kupumua.

Baada ya hapo wenye maduka wa Adjuntas hawakurudi kungoja. Waliunda chama, na mwaka 2023 wakawasha sola na betri zinazohudumia biashara 14. Wanalipia stima hiyo, na pesa zinakwenda kwa matengenezo.

Sisi tunajifunza nini?

1. Tuanze na kitu cha kusaidia wote: friji ya chanjo, pampu ya kisima. Televisheni ya mwenyekiti ingoje.

2. Tupime mzigo. Sola ya kuwasha taa haiwezi kusaga mahindi. Tumuulize fundi kabla ya kununua, si baada.

3. Betri huchoka. Tumetembelea vikundi vyenye sola juu ya paa na giza ndani ya nyumba. Betri imekufa, mfadhili ameshakwenda, na sanduku la pesa ni tupu. Hilo linatuuma, kwa sababu lingezuilika kwa shilingi chache kila mwezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya kuandika barua ya kuomba sola, fungueni kwanza kitabu cha mweka hazina. Kama hakuna ukurasa wa matengenezo, anzeni hapo.

Ya kujadili kikundini: Stima ikipotea kwa mwezi mmodja kijijini kwetu, ni nani ataumia kwanza? Tumemwekea nini?