Mrija wa Dawa Mkononi na Siku za Kazi
(Maneno tuliyowaambia wanachama, Juja)



Leo twasema juu ya ule mrija mdogo wa plastiki ambao muuguzi huutia katika mshipa wa mkono, uitwao kanula, na wengine husema branula. Siku hizi mgonjwa halazwi kwa kila dawa. Huambiwa aende nyumbani na mrija wake, arudi kesho na kesho kutwa kudungwa.

Wako wadhanio kwamba sindano ya chuma imebaki ndani. Sivyo. Chuma hutolewa, ikabaki plastiki laini. Lakini ni mlango ulio wazi kwenye damu, na uchafu uingiao hapo hufika moyoni upesi sana.

Sasa fikirini mtu huyo akipasua mawe kule Ndarugo, au akitia mikono katika maji ya kuoshea kahawa! Plasta hulegea kabla ya saa sita.

Basi mahali hapo pawe pakavu daima. Ukioga, funga mfuko wa nailoni juu yake. Mkono huo usibebe mzigo. Kifuniko hafungui mtu ila muuguzi, naye anawe mikono, apanguse kwa spiriti na kungoja ikauke, tena asukume maji safi ya chumvi kabla ya dawa na baada yake. Kumkumbusha si utovu wa adabu. Ukiona uwekundu, uvimbe, usaha, maumivu, mshipa mgumu kama kamba, au homa na kutetemeka, usingoje saa uliyopewa, rudi mara moja. Ukichomoka, bonyeza kwa kitambaa safi, usiurudishe. Na dawa ikiisha, utolewe siku ile ile.

Najua mtauliza, nani atalipa siku hizo? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yasema aliyetumika miezi miwili mfululizo apewe kila mwaka siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Kibarua naye asijidharau: kifungu cha 37 humgeuza kuwa mtu wa mwezi akifanya kazi mfululizo muda wa mwezi mmoja.

Kwa hiyo usitoke kliniki bila cheti, na mwajiri apate habari mapema. Nyapara akikikataa, leteni nakala kwa katibu wetu.